Shule ya Wasichana ni Nyumba Yetu

Haya ni maneno aliyoyasema mwenezi wetu mmoja, ambaye kwa kazi ni mwalimu, mbele ya wazazi na wanachama wa Nachingwea na Ruangwa. Tunayachapa kwa kuwa wengi waliohudhuria wameomba wayasome tena wakiwa majumbani kwao.



Mwenyekiti aliponiarifu kwamba niseme juu ya shule za wasichana, nilidhani mnataka habari za madarasa na madawati. Mambo hayo mnayajua, maana matofali mliyachoma wenyewe na mchanga mliusomba wenyewe. Leo nataka niseme juu ya jambo lisiloandikwa katika ripoti, nalo ni maisha ya watoto wetu ndani ya shule ya bweni, na jinsi mambo ya nyumbani kwetu, yaani misiba, harusi na unyago, yanavyoingia katika lango la shule. Nitasema wazi. Na pale nilipokosa mimi, nitasema nimekosa.

MAISHA YA BWENINI

Wengi wetu tukimpeleka binti bweni tunafika langoni, tunashusha tranka, godoro, ndoo na fagio la chelewa, tunatia sahihi, kisha tunapanda pikipiki tunarudi. Tangu siku ile tunasema, "Mtoto yuko kwa Serikali." Ndugu zangu, mtoto hayuko kwa Serikali. Mtoto yuko nyumbani kwenu kwa pili, na nyumba hiyo ina mamia ya ndugu ambao ninyi hamkuwazaa.

Kengele inalia kabla ya jua kutoka. Wa zamu ya maji wanatoka na ndoo, wa zamu ya jikoni wanawasha moto wa uji, wengine wanafagia uwanja. Kiangazi kinapokaza, mwezi wa tisa na wa kumi, maji huwa ya kupimiana, na hapo ndipo utamjua mtoto aliyelelewa na asiyelelewa. Mmwera analala kitanda cha juu, Mmakua analala chini yake, Myao na Mmakonde wanaazimana pasi, na binti aliyetoka mbali anafundishwa kula mbaazi mpaka anazizoea. Mwezi wa Ramadhani nimeona wasiofunga wakiomba wao ndio washike zamu za mchana ili wenzao wapumzike. Hakuna mwalimu aliyewaamuru.

Na msiba ukifika? Nataka mama zetu mlijue hili. Mtoto akifiwa na baba yake akiwa shuleni, habari hafikishiwi hadharani. Mama mlezi wa bweni anamwita chumbani kwake, anamketisha, anamwambia. Usiku ule bweni zima halisomi. Wasichana wanakaa chini pamoja naye kama vile ninyi mnavyokaa mkekani. Wanachanga rambirambi katika senti zao za sabuni, mia mbili kwa mia mbili. Asubuhi wawili wanateuliwa kumsindikiza pamoja na mwalimu. Watoto hawa wa miaka kumi na tano wameshika desturi zetu, na wakati mwingine wanazishika kuliko sisi.

Liko na jambo jingine ambalo wanaume wanitwae radhi nikilisema. Binti akivunja ungo nyumbani, anaambiwa bibi, na bibi anajua la kufanya. Akivunja ungo bwenini saa nane za usiku, anaambiwa nani? Anaamshwa dada wa bweni, na dada wa bweni anamwamsha mama mlezi. Mama huyo anampa kitambaa, anampa maji ya moto, anamweleza. Kazi ya kungwi inafanyika pale, na kungwi mwenyewe hana habari. Shule haijamwita, naye hajabisha hodi. Hapo ndipo penye shina la maneno yangu ya leo.

BIBI ALIYEZIKWA DAFTARINI

Sasa nawaambieni habari ambayo nimeibeba kwa miaka kadhaa.

Mwaka 2019 nilikuwa mwanafunzi wa chuo cha ualimu, nikapelekwa kufanya mazoezi ya kufundisha katika shule moja ya bweni ya wasichana huku kwetu kusini. Sitaitaja shule, wala sitamtaja mtu. Katika kidato cha pili alikuwako binti mmoja hodari wa hesabu. Nikiandika swali ubaoni, mimi mwenyewe nilikuwa namtazama yeye kwanza nione kama nimekosea.

Mwezi wa nane, siku ambayo mimi ndiye niliyekuwa msaidizi wa mwalimu wa zamu, alikuja mjomba wake na pikipiki. Alivua kofia, akasema kwa sauti ya chini, "Mwalimu, bibi yake ametutoka. Nimekuja kumchukua mtoto akamzike." Ninyi mnajua kwa Wamwera mjomba ni nani. Kwetu ukoo unafuata upande wa mama, na neno la mjomba juu ya mpwa wake ni zito. Nami ni mtoto wa huku. Nilimpa pole, nikafungua daftari la ruhusa, nikaandika kwa mkono wangu: "Msiba. Siku tatu." Nikatia sahihi. Binti alilia, akampa rafiki yake ufunguo wa tranka amtunzie, akapanda pikipiki.

Siku tatu zikapita, zikawa kumi. Simu ya mjomba ilikuwa imezimwa. Mwishoni mwa juma la pili nikaomba ruhusa, nikaenda mwenyewe kijijini. Nilimkuta marehemu amekaa barazani akipukuchua mbaazi.

Msicheke, ndugu zangu. Hata mimi nilitaka kucheka, kisha miguu ikaniishia nguvu. Bibi alinikaribisha, akaniletea kigoda na maji, akaniuliza habari za mjukuu wake, kwa maana yeye alijua yuko shuleni. Nilipomweleza, aliweka ungo chini. Akasema, "Mwanangu wa kunizaa amenizika bila kuniuliza." Binti alikuwa amekwisha kuozwa katika kijiji kingine, mahari imekwisha kupokewa na imekwisha kuliwa.

Tena bibi yule alikuwa kungwi. Mjukuu wake alikwisha kumcheza unyago zamani, wakati wa likizo ya shule ya msingi, na yeye mwenyewe ndiye aliyemwambia asiwe na haraka na mume. Alinishika mkono, akasema, "Mngeniita mimi, mwalimu. Mngenituma mtu tu. Ningekuja kwa miguu." Hatukumwita. Mimi nilikuwa na kalamu, daftari na simu, na sikuuliza hata jina la kijiji anakozikwa.

Mtauliza, sheria ilikuwa wapi? Sheria ilikuwako. Tangu mwaka 2016 Sheria ya Elimu ilirekebishwa, na anayemwoa au kumpa mimba mwanafunzi anaweza kufungwa miaka 30. Mwaka huo huo Mahakama Kuu ilisema kwamba vifungu vya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 vinavyoruhusu msichana aolewe kabla ya miaka 18 havipatani na Katiba, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikauthibitisha uamuzi huo. Lakini kesi inataka shahidi. Na mashahidi wote wa jambo lile walikuwa wamekula pilau ya harusi.

Binti alikuwa mjamzito. Wakati ule aliyepata mimba harudi shule ya Serikali. Mlango ulifunguliwa Novemba 2021, Serikali ilipotangaza kwamba waliokatishwa masomo, na waliojifungua wakiwamo, waruhusiwe kurudi. Siku zile nilikuwa nimekwisha kumaliza chuo. Nilimfuata kumpa habari. Nilimkuta ana mtoto mgongoni na jembe mkononi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza swali moja: "Mwalimu, huyu atashikwa na nani?" Sikuwa na jibu. Nimekuja mbele yenu leo ili tulitafute jibu hilo pamoja.

NGOMA SI ADUI

Nimesikia watu wa mjini wakisema kwamba ubaya wote wa huku kusini unatoka katika unyago, na kwamba dawa yake ni kuvunja ngoma. Na nimesikia wazee wakisema kwamba ubaya wote unatoka shule, na kwamba mtoto akisoma sana anapotea. Mimi ni mwalimu, na mimi nimechezwa. Kwa hiyo naweza kuwajibu wote wawili.

Kwa watu wa mjini nasema: someni habari za chama cha TANU. Mwaka 1955, Bibi Titi Mohamed alipoanza kuwaandikisha wanawake wa Dar es Salaam, alipita kwa nani? Alipita kwenye vikundi vya ngoma na kwa mama waliokuwa wakiviongoza, kwa sababu mama wale walikuwa na watu, walikuwa na siri, na neno lao lilifuatwa. Kama ngoma iliweza kuchukua habari za uhuru nyumba kwa nyumba, itashindwaje kuchukua habari za shule?

Kwa wazee wangu nasema: tazameni nchi yenu hii ya Nachingwea. Mwaka 1947 Waingereza walianza mradi wao mkubwa wa karanga Tanganyika, na hapa palikuwa pamoja pa mashamba yake. Walileta matingatinga, wakajenga mji, wakajenga reli kutoka pwani. Walitumia mamilioni ya pauni. Hawakuuliza mvua inanyesha lini wala udongo unasema nini, na mapema mwaka 1951 mradi ukavunjwa. Baada ya uhuru hata reli ikang'olewa. Jambo lolote linaloletwa pasipo kuwauliza wenye nchi huishia hivyo. Basi shule isifanye kosa la karanga, na ninyi msikubali ifanye. Kama shule ina kalenda yake na ninyi mna yenu, na hakuna aliyezikutanisha, atakayesagwa katikati ni mtoto.

Tena ardhi hii haikuanza jana kuwaona wasichana wakijifunza kazi kubwa. FRELIMO walipokuwa na kambi yao hapa Nachingwea wakati wa vita vya kuikomboa Msumbiji, mwaka 1967 wasichana wa kwanza wa kikosi cha wanawake walifunzwa hapa. Mmoja wao aliitwa Josina, ambaye baadaye aliolewa na Samora Machel. Walijifunza silaha, na pamoja na hayo walishika kazi ya kuelimisha watu na kulea mayatima wa vita. Josina alifariki tarehe 7 Aprili 1971, umri wake miaka 25, na siku hiyo Msumbiji hata sasa ni siku ya wanawake. Mabinti wale walitoka katika koo kama zetu, na baadhi yao walikuwa Wamakonde wa ng'ambo ya Ruvuma, wenye unyago kama wetu. Hakuna aliyesema wamekua kwa hiyo waolewe tu.

Na kwa upande wa Ruangwa, mnamjua Ndugu Kassim Majaliwa, mzaliwa wa huko, aliyeanza kazi kwa kufundisha shule akafika kuwa Waziri Mkuu kuanzia mwaka 2015 hadi mwaka 2025. Tunajivunia. Lakini nawauliza swali moja, mlijibu mioyoni. Kijana yule alipokuwa darasani hakuja mjomba kumtoa akamwoze. Wasichana wa rika lake walifika wapi?

MAMBO MATANO

Ndugu zangu, sikuja kuwalalamikia tu. Ninayo mambo matano, na yote yako katika uwezo wetu, pasipo kungoja fedha za mtu.

La kwanza ni kalenda. Unyago uchezwe katika likizo, na mwali atoke angalau juma moja kabla shule haijafunguliwa, ili apumzike na kutafuta madaftari yake. Wapo watoto wanaochezwa wakiwa na miaka minane au tisa, nao wanaambiwa maneno ya watu wazima. Makungwi, ninyi ndio mnaojua lipi ni la umri gani. Adabu, usafi, kuheshimu wakubwa, kuujua mwili wake, hayo mpeni. Ya chumbani yangoje mpaka afike umri wa kuolewa. Na mwali akitoka, aambiwe wazi mbele ya watu: umekua, lakini kukua si kuolewa.

La pili ni daftari la ruhusa. Mtu yeyote asichukue binti shuleni kwa neno la mdomo. Alete barua ya mwenyekiti wa kijiji, na mwalimu apige simu kwa mwenyekiti huyo kabla ya kufungua lango. Binti aulizwe peke yake, mjomba akiwa nje. Ikiwa ni msiba, wenzake wawili na mwalimu wamsindikize kama desturi ya bweni ilivyo, nao watashuhudia kaburi kwa macho yao. Mwenye msiba wa kweli hatakasirika. Atafurahi kwamba wamekuja watu kuzika. Na siku ya nne, ikiwa mtoto hajarudi, wanachama wa tawi la kijiji kile waende kubisha hodi.

La tatu ni fedha. Sisi hatuna umaskini wa mwaka mzima. Tuna umaskini wa mwezi wa kwanza. Mwezi wa sita na wa saba tunauza ufuta, kisha mbaazi, na kuanzia Oktoba korosho. Fedha zinapita kwenye minada ya ushirika wetu wa RUNALI, zinaingia benki, na tunaziona. Ziingiapo, tunanunua khanga za sare, tunakodi vipaza sauti, tunatuza mpaka alfajiri. Januari ikifika tunasema mtoto hana viatu. Ada imefutwa, ya kidato cha kwanza mpaka cha nne tangu mwaka 2016, na ya kidato cha tano na cha sita tangu mwaka 2022. Kilichobaki ni sare, godoro, sabuni na nauli. Fungu hilo litengwe siku fedha za ufuta zinapoingia, kabla ya ngoma. Ngoma ile fungu litakalobaki.

La nne ni kubisha hodi. Shule ziweke siku ambayo mama na bibi watakuja, wala si siku ya mahafali peke yake. Mahafali tunayapenda. Tunakuja na vigelegele na mashada, tunamvisha binti khanga tatu juu ya sare, tunapiga picha. Lakini siku hiyo kazi imekwisha. Njooni anapokuwa kidato cha kwanza, usiku wa kwanza asipolala. Kila shule iwe na mabibi watatu wenye heshima, waliochaguliwa na wazazi, ambao mama mlezi anaweza kuwapigia simu saa yoyote. Kama tungekuwa na mabibi watatu namna hiyo mwaka 2019, mjomba yule angegeuza pikipiki yake langoni.

La tano ni lile swali: huyu atashikwa na nani? Mlango wa shule umefunguliwa, lakini mlango hauwezi kushika mtoto. Bibi ndiye anayeshika mtoto, na shangazi, na jirani. Yule aliyezaa, na roho yake bado iko darasani, asisimangwe kisimani. Tawi liwaandike mabinti hao kijiji kwa kijiji, na kwa kila mmoja atafutwe mtu mmoja atakayesema, "Nenda, mimi nitamshika mpaka saa nane." Huo ni uanachama wa kweli, kuliko kuvaa shati la rangi.

Naona Mwenyekiti ananitazama, nami namaliza.

Binti yule wa hesabu leo analima. Mwanawe amekwisha kuanza darasa la awali, na jioni mama yake anamfundisha kuhesabu kwa mbegu za mbaazi. Mwaka jana bibi yake alifariki, safari hii kweli. Nilikwenda kuzika. Mjomba alikuwapo, amekaa mbali na watu, na hakuna aliyempa sepetu. Mimi sikwenda kumsuta, kwa maana kila nikilikumbuka daftari lile naona sahihi yangu, wala si yake.

Kalenda ya muhula ninayo hapa mkononi, nimeiandika kwa herufi kubwa ili wazee waione. Naomba makungwi wa pande zote mbili, Nachingwea na Ruangwa, tusiondoke. Tukae chini ya mwembe ule pamoja na walimu wakuu waliokuja, tutie alama siku za likizo na siku za ngoma, na kila mmoja arudi na nakala yake kijijini.